Mbu wa ndani, mbu wa nje: kipande cha kromosomu tusichokipima

Nyuki wa misitu ya Mlima Kenya na Mlima Elgon, wale wanaoishi juu ya mita 2,000 hivi, ni weusi zaidi na wakubwa kidogo kuliko wenzao wa nyika. Ukifungua mzinga ni wapole, na hutoka kutafuta chakula hata asubuhi ya baridi ambayo nyuki wa chini wangebaki wamejikusanya ndani. Nyuki wa savana ni wa manjano, wadogo, na ukali wao kila mfugaji anaujua. Kati ya makundi haya mawili hakuna bahari wala jangwa. Malkia hupandwa angani na madume zaidi ya 10 kutoka mizinga tofauti, makundi huhama chakula kinapopungua, na damu huchanganyika msimu baada ya msimu.

Kwa hiyo matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanastahili kusomwa polepole. Watafiti walisoma DNA yote ya nyuki wa mlimani na wa nyika nchini Kenya wakailinganisha herufi kwa herufi. Katika kromosomu zote 16, karibu kila mahali, nyuki hawa hawatofautishiki. Lakini kwenye vipande viwili, kimoja katika kromosomu ya 7 na kingine katika ya 9, tofauti ni karibu kamili: wa mlimani wana toleo lao, wa nyika wana lao. Mwaka 2019, baada ya kuchunguza mahali vipande hivyo vinapoanzia na kuishia, watafiti walipata dalili nzito kwamba vyote viwili vimepinduka, yaani vimegeuzwa mbele nyuma ndani ya kromosomu. Ndani ya kipande cha kromosomu ya 7 kuna jeni za vipokezi vya oktopamini, kemikali ya neva inayohusika na kuruka, kujifunza na kutafuta chakula kwa nyuki.

Mpinduko wa kromosomu ni njia ambayo mnyama anaweza kuzoea mahali pake huku akiendelea kuzaliana na jirani asiyefanana naye kimazingira. Jambo hilo wanabiolojia wamelishughulikia kwa miaka mingi. Lililobaki nyuma ni matumizi yake, hasa katika vita dhidi ya malaria, ambako bado tunakusanya mbu, tunawahesabu kwa spishi, tunapima usugu wao kwa dawa, kisha tunaandika wastani mmoja kwa wilaya nzima. Wastani huo unaficha tofauti ambayo tayari tunajua jinsi ya kuipima.

Tuanze na utendaji wenyewe, maana bila huo mengine hayaeleweki. Kromosomu inakatika mahali pawili, kipande cha katikati kinageuka nyuzi 180, kisha kinaungwa tena. Kwa kawaida hakuna jeni inayopotea wala inayoongezeka. Kinachobadilika ni mfuatano tu. Mkatiko ukipita katikati ya jeni unaweza kuiharibu, na mipinduko mingi ya namna hiyo hufa mapema. Mnyama mwenye nakala mbili za mpangilio uleule, uwe wa zamani au uliopinduka, hana tatizo lolote: kromosomu zake hujipanga sambamba na kubadilishana vipande kama kawaida. Habari inabadilika kwa mnyama mwenye nakala moja ya kila mpangilio. Seli zake za uzazi zinapogawanyika, kromosomu mbili zisizofuatana kwa mpangilio hulazimika kujikunja na kufanya kitanzi ili jeni zikutane. Mabadilishano yakitokea ndani ya kitanzi hicho, na kama kipande kilichopinduka hakina sentromia ndani yake (sehemu ambayo kromosomu hushikwa na kuvutwa seli inapogawanyika), kinachozaliwa ni kromosomu moja yenye sentromia mbili na nyingine isiyo nayo kabisa. Ya kwanza huvutwa pande mbili hadi ikatike, ya pili hupotea. Kama sentromia imo ndani ya kipande, kromosomu zinazotoka huwa na jeni zilizozidi upande mmoja na zilizopungua upande mwingine. Kwa vyovyote vile, vizazi vinavyosalimika ni vile ambavyo mabadilishano hayakutokea ndani ya mpinduko. Jeni zote za humo husafiri pamoja, kama funguo kwenye pete moja.

Kwa nini hilo liwe faida? Chukua mdudu wa eneo kame mwenye toleo la jeni moja linalopunguza upotevu wa maji mwilini, na toleo la jeni nyingine linalovumilia joto. Matoleo hayo mawili yanafaa yakiwa pamoja. Kila kizazi wanaingia wageni kutoka eneo lenye mvua, wanapandana na wenyeji, na mabadilishano ya kromosomu yanatenganisha matoleo hayo: watoto wengine wanapata moja bila la pili. Uteuzi wa asili unajaribu kujenga, uhamiaji unabomoa. Mwaka 2006 wanabiolojia Mark Kirkpatrick na Nick Barton walionyesha kwa hesabu kwamba mpinduko ukitokea kwa bahati na kuyafunga pamoja matoleo mawili au zaidi yanayofaa mahali hapo, utaenea hata kama kupinduka kwenyewe hakuleti faida yoyote. Sharti ni moja, na mara nyingi linasahauliwa: wageni lazima waendelee kuja. Pasipo uhamiaji, hakuna kinachotenganishwa, kwa hiyo kufunga pamoja hakuna thamani.

Sharti hilo linatueleza pa kutafuta. Si kwenye visiwa vilivyotengwa, bali kwenye miteremko ya milima, ukingo wa msitu na nyika, na pale maji ya kina kifupi yanapokutana na vilindi. Samaki wa jamii ya sikilidi katika Ziwa Nyasa, ambao spishi zao zinazidi 800 na zote zilitokana na mababu wachache, wamekutwa na mipinduko mikubwa mitano inayotofautisha makundi ya vilindini na ya kina kifupi, na baadhi yake imepita kutoka ukoo mmoja hadi mwingine kwa kuzaliana. Panya-kulungu wa Amerika Kaskazini wana kipande cha besi (herufi za DNA) milioni 41 kilichopinduka kwenye kromosomu ya 15, ambacho wale wa misituni wamekishika na wenye mikia mifupi wa nyasini hawana. Kuna pia mageuzi ya aina nyingine, kama kromosomu mbili kuungana kuwa moja, lakini hayo mara nyingi hugusa uwezo wa chotara kuzaa, na yana mjadala wake.

Kufuli hilo la mpinduko halijakaza kabisa. Mabadilishano mawili ndani ya kitanzi kimoja huweza kufutana na kupitisha kipande kidogo salama, na kuna unakilishaji wa vipande vifupi kutoka kromosomu moja kwenda nyingine. Karibu na mahali pa mkatiko kinga ni kali, katikati ya mpinduko mkubwa huvuja. Gharama nayo ipo. Mpangilio ulio adimu mara chache hukutana na mwenzake, kwa hiyo haupati nafasi ya kujisafisha kwa mabadilishano, na kasoro hujilimbikiza ndani yake.

Sasa mbu. Anopheles gambiae, mbeba malaria mkuu wa bara hili kwa miaka mingi, ana jozi 3 tu za kromosomu: X, ya 2 na ya 3. Kwenye mkono wa kushoto wa kromosomu ya 2 kuna mpinduko unaoitwa 2La, wenye urefu wa besi milioni 22 hivi na jeni zaidi ya 1,000. Mpangilio mwingine, ambao vitabu vinauita wa kawaida, huandikwa 2L+a. Jina hilo lisimpotoshe mtu: ushahidi wa mahali pa mkatiko unaonyesha 2La ndiyo ya kale, na 2L+a ikaja baadaye. Anopheles arabiensis, ndugu yake wa maeneo makavu, ana 2La peke yake.

Mgawanyo wa mipangilio hii miwili hauna ubahatishaji. Ukisafiri kutoka misitu ya kusini mwa Kamerun kwenda kaskazini kukavu, 2La inaanza ikiwa karibu haipo na inaishia ikiwa karibu ndiyo pekee. Nigeria inaonyesha mteremko wa namna hiyohiyo, kama mtafiti wa mbu Mario Coluzzi na wenzake walivyoeleza mwaka 1979. Katika sehemu zenye mipangilio yote miwili, 2La hupanda kiangazi na kushuka mvua zinaporudi. Mabadiliko ya msimu ni ushahidi wenye uzito kuliko ramani, kwa sababu ramani inaweza kuwa mabaki ya historia ya uhamiaji, ilhali kupanda na kushuka kwa mpangilio kila mwaka katika mbu wa kijiji kilekile kunahitaji nguvu inayofanya kazi leo. Mwanajenetiki Theodosius Dobzhansky alikuwa ametumia hoja hiyo tangu miaka ya 1940 kwa nzi wa California. Kisha yakaja majaribio ya maabara, mwaka 2009: mbu wazima wenye nakala mbili za 2La walistahimili ukavu wa hewa kuliko wenye 2L+a, na utafiti mwingine wa mwaka huohuo ukakuta viluwiluwi na pupa wao wakivumilia joto zaidi.

Mpaka hapo ni biolojia nzuri. Inakuwa suala la afya ya umma pale unapouliza mbu huyu analala wapi.

Katika miaka ya 1970, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria walifanya mradi mkubwa wa Garki, kaskazini mwa nchi hiyo. Nyumba zilipuliziwa dawa ukoko aina ya propoxur. Mbu walipungua sana, lakini maambukizi ya malaria hayakukatika. Wakati huohuo timu ya Coluzzi ilikuwa ikisoma kromosomu za mbu waliokamatwa ndani ya nyumba na waliokamatwa nje, na mwaka 1977 ikachapisha matokeo: mipangilio ya kromosomu haikugawanyika sawa ndani na nje. Maelezo waliyoyatoa yalitokana na hewa. Usiku, ndani ya nyumba ni kukavu kuliko kwenye majani ya nje, na mbu wenye mipangilio ya ukame hupatikana zaidi ndani. Maana yake ni nzito: dawa iliyopakwa ukutani haikuwagusa mbu wote wa spishi hiyo kwa kiasi kimoja.

Miaka 40 baadaye, mwaka 2017, utafiti uliotumia mbu wa porini kutoka Afrika Magharibi na Mashariki ulifika hatua moja mbele. Mbu wenye 2L+a walionekana kuambukizwa vimelea vya malaria kwa urahisi zaidi, na haohao ndio wasiopatikana sana ndani ya nyumba. Ukiyaweka pamoja, unapata mbu anayebeba vimelea vizuri na anayekwepa ukuta wenye dawa, na hayo yote mawili yanahusishwa na kipande kimoja cha kromosomu. Zana zetu kuu, chandarua chenye dawa na upuliziaji wa ukoko, zote ziko ndani ya nyumba.

Tazama inavyoweza kupotosha. Tuseme kijiji kina mbu ambao nusu ya kromosomu zao ni 2La na nusu 2L+a. Wakusanyaji wanaingia nyumbani alfajiri na kukamata mbu waliotua ukutani, na humo 2La ni asilimia 70. Mbu hao ndio wanaopimwa usugu, vimelea na aina ya damu waliyokunywa. Ripoti inasema kiwango cha vimelea ni fulani. Lakini kundi lenye vimelea vingi zaidi limeachwa vichakani, na kiwango kilichoandikwa ni cha chini kuliko cha kweli. Mwaka unaofuata vyandarua vinagawiwa, mbu wa ndani wanapungua, ripoti inafurahisha, na wagonjwa wa zahanati hawapungui kwa kiasi kilichotarajiwa. Tarakimu hizi nimeziweka kwa mfano tu, lakini mwelekeo wa kosa hilo hautegemei tarakimu.

Hapa kuna jaribu la kwenda mbali mno, na ningependa lizuiwe mapema. Kanuni iliyopatikana kwa An. gambiae haihamishiki tu kwa ndugu zake. Ushahidi bora wa hilo unatoka Bonde la Kilombero, Tanzania, ambako An. arabiensis ndiye aliyebaki na nafasi kubwa baada ya vyandarua kumpunguza An. gambiae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulisoma DNA yote ya mbu 23 waliokuwa na damu ya binadamu na 25 waliokuwa na damu ya ng'ombe, wengine wamekamatwa ndani na wengine nje. Kuhusu mahali pa kupumzika, ndani au nje, hawakupata dalili ya urithi. Kuhusu nani anaumwa, mtu au ng'ombe, walipata. Mbu walijigawa katika makundi matatu kufuatana na mipinduko ya 2Rb na 3Ra, iliyoko kwenye mikono ya kulia ya kromosomu ya 2 na ya 3. Walipotengeneza kipimo cha 3Ra na kukitumia kwa mbu zaidi, 129 walioshiba ng'ombe dhidi ya 234 ambao hawakunywa damu ya ng'ombe, mpangilio usiopinduka wa 3Ra ulikuwa mwingi zaidi kwa waliokunywa damu ya ng'ombe.

Kwa hiyo kwa spishi moja mpinduko unahusiana na kulala ndani au nje, na kwa nyingine, mpinduko tofauti kwenye kromosomu tofauti unahusiana na uchaguzi wa mnyama wa kuuma. Anayetaka kutumia mifugo iliyopakwa dawa kama mtego wa mbu Kilombero ana sababu ya kufuatilia 3Ra: mpango huo, kama utafanikiwa, utawaua wapenda ng'ombe na kuwaacha wapenda watu.

Upimaji wenyewe si wa kutisha. Njia ya zamani inahitaji jicho na subira. Unamkamata jike aliyekunywa damu, unamweka kwenye kikombe chenye wavu, unasubiri tumbo lifike nusu nyekundu nusu nyeupe, kwa kawaida siku moja hivi baada ya kula. Wakati huo seli zinazolisha mayai zina kromosomu nene zenye michirizi inayosomeka. Unatoa ovari, unaziweka kwenye mchanganyiko wa sehemu 3 za etanoli isiyo na maji na sehemu 1 ya asidi ya asetiki. Baada ya saa 24 unaweza kuzihifadhi kwenye friza. Siku ya kusoma, unachukua sehemu ndogo ya ovari, unaiweka kwenye tone la asidi ya propioniki ya asilimia 50, unafunika kwa kioo chembamba, unagonga taratibu hadi seli zipasuke na kromosomu zitawanyike, kisha unasoma kwa hadubini ya awamu ukilinganisha na ramani. Mbu mwenye mipangilio miwili huonyesha kitanzi wazi. Ukimuwahi, michirizi haijajengeka; ukimchelewesha, imeshafifia. Mchanganyiko ukiachwa wazi, etanoli inaruka hewani, uwiano unaharibika, na tishu zinakauka bila kusomeka. Mbu dume hasomeki kwa njia hii, wala jike mwenye njaa.

Njia ya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine, iliyochapishwa mwaka 2007 kwa ajili ya 2La, inaondoa vikwazo hivyo. DNA ya mguu mmoja inatosha. Praima tatu, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakilishaji, zimewekwa kuzunguka mahali pa mkatiko: 2L+a inatoa mstari wa besi 207 kwenye jeli, 2La inatoa wa besi 492, na mwenye mchanganyiko anatoa yote miwili. Maabara yoyote inayotenganisha spishi za kundi la gambiae kwa PCR tayari ina vifaa na tayari ina DNA yenyewe. Kinachoongezeka ni mzunguko mmoja wa mashine na dawa zake.

Makosa yanatokea sehemu nyingine. Kipande kifupi hunakiliwa kwa urahisi kuliko kirefu. DNA ikiwa imeoza kidogo, mbu mwenye mchanganyiko anaweza kuonyesha mstari wa 207 pekee na kuandikwa kuwa 2L+a kwa nakala zote mbili. Kinga yake ni kuweka kwenye kila sahani sampuli tatu zinazojulikana, moja ya kila aina, na kurudia angalau sampuli moja katika kila 10. Kosa la pili ni kupima mpinduko kabla ya kuthibitisha spishi. Kwa kuwa An. arabiensis wote wana 2La, na kwa kuwa idadi yao hupanda kiangazi ukilinganisha na An. gambiae, mchanganyiko wa spishi hizi mbili utakuonyesha 2La ikipanda kiangazi hata kama hakuna kilichobadilika ndani ya An. gambiae. Ni kosa linalozaa matokeo yanayofanana kabisa na unachotarajia, na ndiyo sababu ni hatari.

Hesabu rahisi hufichua makosa haya yote mawili. Kama 2La na 2L+a ziko nusu kwa nusu na mbu wanapandana bila ubaguzi, katika mbu 100 utarajie 25 wenye 2La mbili, 50 wenye mchanganyiko na 25 wenye 2L+a mbili. Ukipata 45, 10 na 45, simama. Ama kipimo kinapoteza mstari, ama umechanganya spishi, ama umechanganya vijiji viwili ambavyo kila kimoja kina mpangilio wake. Linganisha kijiji kwa kijiji kwanza. Upungufu ukitoweka, tatizo lilikuwa kuchanganya. Ukibaki ndani ya kila kijiji na spishi imethibitishwa, rudi maabara.

Wanaosoma DNA yote wana mtego wao. Kwenye mchoro unaopanga mbu kwa kufanana kwao, mara nyingi hutokea makundi matatu yaliyojipanga kwa mstari, na mtu mwenye haraka ataandika kwamba amegundua jamii tatu za mbu. Hajagundua. Kundi la pembeni kila upande ni wenye nakala mbili sawa, la katikati ni wenye mchanganyiko, na mchoro mzima unasukumwa na kipande kimoja. Ondoa kipande hicho kwenye data, chora upya, na makundi yatayeyuka. Uchambuzi wa muundo wa jamii ufanywe nje ya mipinduko, na mipinduko ichambuliwe peke yake.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa mipinduko hulisema kwa uhakika kuliko ushahidi unavyoruhusu: kwamba mpinduko fulani "unasababisha" tabia fulani. Jeni 1,000 zikisafiri pamoja, kila moja itaonekana kuhusika na kila kitu. Mfano mzuri ni jeni ya Rdl, iliyoko ndani ya eneo la 2La na inayotengeneza kipokezi cha neva, ambayo badiliko lake moja humpa mbu usugu dhidi ya dieldrin, dawa ya zamani ya kuua wadudu. Kwa muda mrefu usugu huo ulionekana kuambatana na 2La, na mtu angeweza kudhani kwamba mbu wa ukame wana usugu kwa asili yao. Uchambuzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mabadiliko hayo ya Rdl yamevuka kati ya spishi na kati ya mipangilio yenyewe. Uvujaji ule wa katikati ya mpinduko unatosha pale dawa inapokuwa na nguvu ya kutosha. Na ingawa dieldrin imepigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm, usugu haujaondoka, na fipronili inayotumika kwa mifugo na mazao hulenga kipokezi hichohicho. Anayepanga kuwapa ng'ombe fipronili ili kuua mbu apime Rdl na mpinduko kwa pamoja, kwa mbu mmoja mmoja.

Kwa wafugaji wa nyuki ushauri ni mfupi zaidi. Anayefuga juu ya mita 2,000 anunue malkia na makundi ya mlimani, asilete ya nyikani kwa sababu tu yanapatikana kwa wingi. Vipande viwili vya kromosomu vilivyobaki tofauti katikati ya mchanganyiko wote ule vinaonyesha kwamba toleo la nyika huchujwa juu, na kuchujwa maana yake ni makundi kufa au kudhoofika.

Kwa mbu, mabadiliko ninayotaka yanaingia kwenye fomu iliyopo. Kila mbu aandikwe kijiji, mwezi, saa, ndani au nje, na njia aliyokamatwa nayo, na safu mbili ziongezwe: spishi iliyothibitishwa na mpangilio wa kromosomu, 2La kwa An. gambiae na 3Ra kwa An. arabiensis. Ukusanyaji wa nje uwe na idadi inayokaribiana na wa ndani, hata kama ni kazi ngumu zaidi kwa saa na kwa watu. Kiwango cha vimelea kitolewe kwa kila mpangilio, kiangazi na masika kando. Miguu iliyobaki ihifadhiwe mikavu kwenye silika jeli (punje zinazonyonya unyevu), mbu mmoja kwa kila kichupa, isichanganywe kijiji kizima kwenye chupa moja.

Na kijiji kinachopewa vyandarua vipya au kupuliziwa ukoko kipimwe kabla, kisha msimu uleule wa mwaka unaofuata, kwa sababu kulinganisha masika na kiangazi kutaonyesha mabadiliko ya hali ya hewa badala ya kazi ya dawa. Kama 2L+a imepanda nje huku mbu wa ndani wakiwa wamepungua, fedha ya awamu inayofuata ipelekwe kwenye mazalia na nje ya nyumba, kabla ya kuagiza shehena nyingine ya dawa ya ukutani.